Matikiti ya Maswahaba na mizaha ya watoto wetu



Msimu wa maembe unapoingia, nyumba zetu nyingi hubadilika harufu, na hubadilika sauti pia. Sinia la matunda likishawekwa katikati ya jamvi baada ya chakula cha usiku, watoto huanza mambo yao. Mmoja huuliza: "Tunda gani ukiliwekea herufi J kichwani huchukuliwa kwenda kulima?" Mwenziwe hurukia jibu: "Embe! Linakuwa jembe!" Wa tatu naye hataki kuachwa nyuma: "Na papa wa baharini ukimwongezea I mkiani?" "Anapanda mtini, anakuwa papai!" Basi hapo kicheko huangushwa kana kwamba jambo hilo halijapata kusemwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ingawa lilisemwa jana, na juzi, na litasemwa kesho inshaallah.

Baba, ambaye amerudi kutoka kazini akiwa hoi, hunyanyua kichwa na kusema neno moja tu: "Kelele!" Na kelele hukoma. Sinia likaliwa kimya, kila mmoja akaenda kulala.

Wiki hii tunapenda kulitafakari neno hilo moja. Hatulitaji kwa nia ya kumlaumu baba, kwani uchovu ni jambo la kweli na utulivu wa nyumba una thamani yake. Lakini wapo wazazi wasiosema "kelele" kwa sababu ya uchovu. Huisema kwa sababu wanaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba nyumba ya Kiislamu haifai kuwa na mizaha ya aina hii. Husema kuwa huu ni upuuzi, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Mu'minuun amewasifu waumini wanaojiepusha na upuuzi. Husema pia kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na kicheko kingi, akatufahamisha kwamba kinaua moyo.

Hoja hizo ni nzito na hazifai kupuuzwa. Lakini maneno ya Mtume (s.a.w.) hufahamika vizuri zaidi yanaposomwa pamoja na mwenendo wake. Na tukiuangalia mwenendo wake, tutaona jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yetu: mara kwa mara, palipokuwa na matunda na palipokuwa na watoto au watu aliowapenda, palikuwa na tabasamu.

Tunda la kwanza ni la mdogo kuliko wote

Tuanze na hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.). Watu wa Madina walikuwa wakiyaona matunda ya kwanza ya msimu huyapeleka kwa Mtume (s.a.w.). Naye huyapokea, akaomba baraka katika matunda yao, katika mji wao, na katika vipimo vyao vya pishi na kibaba. Baada ya dua hiyo kubwa, inayoubeba uchumi wa mji mzima, humwita mtoto mdogo kuliko wote waliohudhuria, akampa lile tunda.

Tuitafakari picha hiyo. Wapo hapo wazee, wapo wenye mashamba waliolima na kumwagilia, wapo mashujaa. Lakini tunda linaloadimika kuliko yote, lile la mwanzo kabisa, linaishia katika kiganja cha mtoto ambaye pengine hata jina la msimu halijui. Wanazuoni wameeleza kuwa huko ni kumfurahisha mdogo, kwa kuwa nafsi yake ndiyo inayolitamani tunda kwa shauku kubwa zaidi. Furaha ya mtoto mbele ya tunda, basi, ilipewa nafasi katika kikao cha Mtume (s.a.w.), na ilipewa nafasi ya mbele.

Hadithi ya pili imo katika Sunan Ibn Majah, nayo inamhusu Suhayb ar-Ruumi (r.a.). Suhayb alifika kwa Mtume (s.a.w.) akamkuta ana mkate na tende, akakaribishwa ale. Akaanza kuzila tende. Wakati huo alikuwa anaumwa jicho. Mtume (s.a.w.) akamuuliza inakuwaje anakula tende ilhali jicho lake linauma. Suhayb akajibu kwamba anatafuna kwa upande wa pili. Mtume (s.a.w.) akatabasamu.

Kwa kweli hili ni jibu la kitoto! Jicho na taya havina mkataba wowote wa kugawana tende, upande huu uwe wa mgonjwa na upande ule uwe wa mzima. Mtoto wa miaka saba angelitoa jibu hilo hilo. Lakini aliyelitoa ni Swahaba mkubwa aliyeacha mali yake yote Makka kwa ajili ya hijra. Hakukemewa kwa kujibu mzaha mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Alijibiwa kwa tabasamu.

Kitendawili cha mtende

Wazazi wengi hudhani kuwa vitendawili ni mchezo wa kupoteza muda, na kwamba mtoto anayeuliza "kuku wangu katagia mibani" na kujibiwa "nanasi" angefaa zaidi kuwa anadurusu masomo. Sasa na tuangalie yaliyomo katika Sahihi Bukhari na Muslim.

Abdullah bin Umar (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa na Maswahaba zake, akawauliza: upo mti mmoja miongoni mwa miti ambao majani yake hayapukutiki, nao unafanana na Muislamu, ni mti gani? Watu wakaanza kuitaja miti ya nyikani. Ibn Umar anasema kuwa moyoni mwake alijua kwamba ni mtende. Lakini alikuwa mdogo wao, na Abu Bakr na Umar (r.a.) walikuwepo hapo na wamenyamaza, kwa hiyo aliona haya kusema. Walipoomba waambiwe, Mtume (s.a.w.) akasema kuwa ni mtende.

Hiki ni kitendawili kwa kila hali. Kina mafumbo, kina kukisia na kukosea, kina watu wazima wanaokuna vichwa, na kina jibu ambalo likishatajwa kila mtu huona lilikuwa wazi. Kikao hicho kilikuwa darasa la imani, na njia iliyotumika kufundishia ni ile ile ambayo bibi zetu waliitumia vibarazani: tega, nitegue.

Lakini sehemu inayotugusa zaidi wazazi ni ile iliyofuata. Walipoondoka, Ibn Umar alimwambia baba yake kwamba jibu alikuwa nalo. Na Umar (r.a.), mtu aliyejulikana kwa ukali na haiba, hakumwambia kuwa amefanya vyema kunyamaza mbele ya wakubwa. Alimwambia kwamba lau angelisema, jambo hilo lingekuwa bora zaidi kwake kuliko kupata kadha wa kadha. Baba alitamani mwanawe angefungua kinywa.

Ni wangapi katika watoto wetu wanaolijua jibu na wananyamaza? Na ni wangapi walinyamazishwa mara nyingi juu ya mambo madogo, ya embe na jembe, hata wakajizoesha kunyamaza katika mambo makubwa? Mtoto haanzi kuzungumza na mzazi wake kwa kuleta habari nzito. Huanza na upuuzi. Huleta kichekesho kisicho na kichwa wala miguu ili apime kama mlango uko wazi. Akikuta umefunguliwa, siku moja ataleta habari ya mwalimu anayemwonea, ya mtu mzima anayemgusa pasipostahili, au ya rafiki anayemvuta kwenye bangi. Akikuta umefungwa kila siku, habari hizo atazipeleka kwingine, na si kila kwingine kuna salama.

Neno moja, maana mbili

Sasa tuyaangalie maudhui ya mizaha yenyewe, maana wapo watakaosema kwamba kitendawili cha Mtume (s.a.w.) kilikuwa na hekima, ilhali mizaha ya watoto wetu haina maana yoyote. Tuutazame mmoja unaopendwa sana.

Kondakta anamuuliza mtoto ndani ya basi: "Una tikiti?" Mtoto anajibu: "Ninalo, lakini ni zito, naomba unisaidie kulipandisha."

Mzaha huu umesimama juu ya neno moja lenye maana mbili. Tikiti ya kusafiria na tikiti la shambani hutamkwa sawasawa, na kinachotofautisha ni ngeli tu. Mtoto anayecheka aliposikia "ninalo" badala ya "ninayo" amekwisha kuifahamu sarufi ya lugha yake bila ya kuchapwa. Vivyo hivyo kwa yule anayesikia kaka zake wanakwenda sokoni, akapiga kelele "Na nasi!", nao wakamjibu: "Nanasi yameisha, yamebaki machungwa." Na yule anayebisha hodi, akaulizwa nani, akasema "Ndimi", akaambiwa kwamba ndimu zipo jikoni hazihitajiki nyingine. Na wale wawili ambao mmoja akisema "Koma!" mwingine huitikia "Manga!" Hayo yote ni watoto wanaoipima lugha kwa meno, kama wanavyolipima embe kama limeiva.

Tukirudi kwa Mtume (s.a.w.), tunakuta mizaha yake mingi iliyohifadhiwa ilikuwa ya mtindo huu huu wa neno lenye maana mbili. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba mtu mmoja alimwomba kipando, naye akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume (s.a.w.) akamuuliza: kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Alimwita Anas (r.a.), kijana aliyemhudumia kwa miaka kumi, kwa jina la mwenye masikio mawili. Nani hana masikio mawili? Na alipomkuta mdogo wake Anas, aitwaye Abu Umayr, ana huzuni kwa kufiwa na kindege chake, alimuuliza habari za kindege hicho kwa maneno yaliyolingana vina na jina la mtoto mwenyewe. Huyo ni kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe, anatafuta kina cha kumliwaza mtoto mmoja.

Katika mifano yote hiyo hakuna hata neno moja la uongo. Ngamia yule alikuwa kweli mtoto wa ngamia. Anas alikuwa kweli na masikio mawili. Na hapa ndipo ulipo mpaka wenyewe.

Mti utakaoota tumboni

Maswahaba walipata kumwambia Mtume (s.a.w.) kwamba yeye hufanya nao mizaha. Akawajibu kuwa ndiyo, lakini hasemi ila kweli. Hadithi hii imo katika Sunan Tirmidhi. Na katika hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ametoa onyo kali, tena kwa kulikariri, kwa mtu anayezungumza uongo ili awachekeshe watu.

Kwa mizani hii, baadhi ya mizaha inayopaswa kuangaliwa nyumbani ni ya kwetu sisi wakubwa, kabla ya kuigusa ile ya watoto. Nani katika sisi hakuwahi kuambiwa kwamba akimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni na matawi yatatokea masikioni? Watu wazima walicheka, lakini mtoto alilala usiku huo ameshika tumbo. Wengine huambiwa kuwa wakila embe usiku watakuja kuchukuliwa. Wengine huambiwa "njoo nikupe ndizi" ili tu waache kulia au watoke chini ya kitanda, na ndizi yenyewe haipo.

Juu ya hili la mwisho hatuna haja ya kukisia hukumu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.) kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita, akamwambia aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao siku hiyo. Akamuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini mtoto. Akasema alikusudia kumpa tende. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba lau asingempa chochote, angeliandikiwa uongo mmoja.

Tende moja! Kwa hesabu ya sokoni haina bei. Lakini kwa mtoto, ile tende ndiyo kipimo cha kwanza cha ahadi ya mtu mzima. Tukimwahidi tende hewa leo, kesho tutamwambia kuwa swala ina thawabu na kuwa uongo ni dhambi, naye atatutazama kwa macho ya mtu aliyewahi kudhulumiwa tende.

Na kuhusu mbegu, ukweli unatosha kuliko uongo. Mbegu ndogo ya chungwa ikimezwa hupita na kutoka, haina madhara. Lakini kokwa ya shokishoki au ya zambarau ikimpalia mtoto mdogo inaweza kumziba njia ya hewa, na hiyo ni hatari ya kweli. Basi tumwambie hivyo, na tuyatoe makokwa kabla ya kumpa aliye chini ya miaka mitano, na zabibu zake tuzikate vipande kwa urefu. Tena tusimchekeshe akiwa na tunda mdomoni. Kicheko kisubiri tonge lishuke.

Tunda lisigeuzwe jina la mtu

Mpaka wa pili ni wa heshima. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya ya kejeli. Katika mitaa yetu kejeli nyingi huvaa nguo ya matunda. Mtoto mnene huitwa Fenesi. Mwenye kichwa kirefu huitwa Papai. Msichana mwenye chunusi huitwa Stafeli. Wanaoita hucheka, na anayeitwa naye mara nyingi hucheka, kwa sababu asipocheka ataitwa zaidi. Wazazi humsikia akicheka wakadhani mambo ni sawa.

Kanuni ya kuwapa watoto hapa ni fupi, na hata wa darasa la kwanza anaielewa: cheka tunda, usimcheke mtu. Fenesi lililokwenda kwa kinyozi, kinyozi akashindwa pa kuanzia, halimuumizi mtu. Nazi yenye macho matatu isiyoiona njia ya kushuka mnazini haimuumizi mtu. Embe lililokimbizwa hospitali kwa kuwa limegeuka manjano, daktari akasema haliumwi bali limeiva, halimuumizi mtu. Lakini mara tu tunda linapopewa sura ya jirani, ya mwanafunzi mwenzao au ya mtumishi wa nyumbani, mzaha umekwisha na dhulma imeanza. Waswahili walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha wenyewe hutunga ndani, mahali ambapo mzazi haoni.

Mpaka wa tatu ni wa kutishana. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwingine akakichukua kitu chake kwa mzaha, yule akashtuka. Mtume (s.a.w.) akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Hadithi hii imo katika Sunan Abu Dawud. Kwa hiyo ganda la ndizi linalowekwa njiani ili mtu ateleze watu wacheke halina nafasi kwetu. Dini yetu imetufundisha kuwa kuondoa cha kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Anayekiweka kwa makusudi amefanya kinyume chake.

Na mpaka wa nne, ambao hauhitaji maelezo marefu, ni kwamba Mwenyezi Mungu, aya zake na Mtume wake si mada ya mzaha. Mtoto akijaribu kufanya utani wa namna hiyo, kama watoto wanavyojaribu kila kitu, aelekezwe kwa upole na kwa wazi, bila ya kumfanya aone kuwa kicheko chote ni haramu.

Walirushiana matikiti

Tumeiacha mpaka sasa riwaya ambayo ndiyo iliyotupa kichwa cha makala haya. Imamu Bukhari, mbali na Sahihi yake, aliandika kitabu cha tabia njema kiitwacho Al-Adabul Mufrad. Humo amepokea kutoka kwa Bakr bin Abdillah, mmoja wa wanazuoni waliokuja baada ya Maswahaba, kwamba Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) walikuwa wakirushiana matikiti, lakini yalipofika mambo ya kweli walikuwa wao ndio wanaume.

Ndugu wasomaji, tuisome taratibu. Hawa ndio watu waliosimama Badri na Uhud, waliohifadhi Qur'an vifuani, walioyashinda majeshi ya madola mawili makubwa ya zama zao. Na walikuwa wakirushiana matikiti. Mzaha haukuwapunguzia uzito wao, wala uzito wao haukuwanyima mzaha. Riwaya inavitaja vyote viwili katika pumzi moja, kwa sababu kila kimoja kina wakati wake.

Hapa ndipo tunapoifahamu vizuri ile hadithi ya kicheko kinachoua moyo. Kinachoua ni kile kilichokithiri, kinachomjaza mtu asubuhi hadi usiku hata akashindwa kusikitika panapostahili masikitiko na akashindwa kunyamaza panapostahili ukimya. Ama kicheko kinachokuja na kuondoka, kikaacha nafasi kwa adhana, kwa kazi na kwa machozi ya usiku, hicho ni pumziko. Jabir bin Samura (r.a.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba baada ya swala ya Alfajiri Maswahaba walikuwa wakikaa wakikumbushana mambo ya zama za ujahili na kucheka, naye Mtume (s.a.w.) akitabasamu.

Isije ikadhaniwa kuwa tunawaruhusu watoto wayarushe matikiti sebuleni! Chakula kina heshima yake, na katika Suratul An'aam, aya ya 141, tumeamrishwa kula matunda yanapozaa, kuitoa haki yake siku ya kuvunwa, na kutofuja. Maganda uani yanatosha kwa michezo, na wacheze wakijua kwamba watayaokota wenyewe.

Nyumbani tufanyeje?

Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi na babu. Kwa mila zetu wao ni watani wa wajukuu, na mtoto aliyekemewa na baba alikimbilia kwa babu akachekeshwa hadi akasahau. Leo familia nyingi za mijini zinaishi mbali na wazee. Yupo baba, yupo mama, na ipo simu. Ikiwa baba na mama hawatalibeba jukumu la utani, litabebwa na simu, na utani wa kwenye simu haujui mpaka hata mmoja katika hiyo tuliyoitaja.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Uchaguliwe usiku mmoja katika wiki, baada ya swala ya Isha, na liwekwe sinia la matunda ya msimu, yawe machungwa, ndizi au hata mapera ya jirani. Simu ziwekwe kando. Aanze aliye mdogo kuliko wote, achague kipande anachokitaka, kwa kufuata ile Sunna ya tunda la kwanza. Kisha kila mmoja atege kitendawili au atoe mzaha, na wakubwa pia wasiachwe. Baba aliyechoka hahitaji kuwa mchekeshaji. Inatosha atabasamu, kwani hadithi ya Suhayb haikutaja zaidi ya tabasamu.

Katika kikao hicho hicho mzazi anaweza kupenyeza maswali yenye faida. Sura gani ya Qur'an ina jina la tunda? Ni Suratut Tiin. Bibi Maryam (a.s.) alikula tunda gani alipopatwa na uchungu wa kuzaa? Tende mbivu, kama ilivyo katika sura inayoitwa kwa jina lake. Matunda gani mawili yametajwa pamoja katika bustani za mwishoni mwa Suratur Rahmaan? Mitende na makomamanga. Na miti gani ya peponi iliyotajwa katika Suratul Waaqi'a, ambayo wafasiri wengi wameifasiri kuwa ni migomba? Mtoto aliyekuja kucheka kwa embe na jembe ataondoka na sura tatu au nne kichwani, na hatajua zimeingia saa ngapi.

Akitokea mtoto mwenye haya, asiyesema kitu, tumkumbuke Ibn Umar. Tusimlazimishe mbele ya wenzake. Baadaye, akiwa peke yake, tumuulize kama alikuwa na jibu. Na tumwambie, kama alivyoambiwa mwana wa Umar, kwamba tungelifurahi sana lau tungelisikia kutoka kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika matunda yetu, katika miji yetu na katika watoto wetu, azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo mdogo haogopi kusema na mkubwa haoni taabu kusikiliza, na atuhifadhi sisi na wao dhidi ya uongo, japokuwa ni wa tende moja. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.